Kabla ya Tangazo la Tatu

“Mwandishi, mchapishaji, mwanafunzi au msomaji?” binti wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho.

“Mie?”

“Ndiyo, kaka. Wewe.”

Gaudens aligeuka, akaona foleni imeshajipanga nyuma yake. “Mie nauza vifaa vya ujenzi Goba. Nimekuja kumtafuta mtu.”

“Hicho hakimo kwenye fomu. Nikuandike msomaji.”

Kabla hajakataa, kadi ilikuwa inaning’inia shingoni mwake: MSOMAJI. Tangu amalize kidato cha nne, Gaudens hakuwa amesoma kitu kirefu kuliko maelekezo ya nyuma ya mfuko wa saruji.

“Ni mara yako ya kwanza kuja tamashani?”

“Ya kwanza.”

“Basi utapenda. Wa mara ya kwanza huwa hawataki kuondoka, jioni tunawatoa kwa kuwafagilia miguuni.”

Hakucheka. Mkononi alikuwa na simu, na kwenye simu picha aliyotumiwa na Yuliana, mjumbe wa kamati ya harusi yake. Chini yake ujumbe:

“Shem, nimepita tamasha la vitabu hapa Mwenge. Huyu si Deta? Si ulisema leo yuko Kariakoo anapimwa gauni?”

Ndiye. Bernadeta, mwalimu wa darasa la tatu, mchumba wake. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mwanaume mwenye miwani amemwinamia sikioni kama mtu anayempa siri. Ujumbe wa Bernadeta mwenyewe, wa saa mbili asubuhi, ulikuwa juu kidogo:

“Niko na shangazi kwa fundi. Simu inakaribia kuzima. Nakupenda.”

Saa nne shangazi huyo huyo alimpigia Gaudens kuuliza Deta kapotelea wapi.

Jina lake na la Bernadeta yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Kesho lilikuwa tangazo la tatu, la mwisho. Mwenye pingamizi aseme. Gaudens hakuwahi kufikiri kwamba mwenye pingamizi angeweza kuwa bwana harusi.

Simu ikaita. Mzee Ferdinand, mshenga wake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nimepita parokiani. Katekista anakamilisha karatasi ya matangazo saa kumi, lakini nikimwuliza lenu anakwepa. Ananiambia nikuulize wewe kwanza. Kuna neno?”

“Nipe mpaka hiyo saa kumi, baba.”

“Gaudens, mie ndiye niliyevua viatu mlangoni kwa watu kwa ajili yako. Kama kuna neno, nilijue kabla ya padri.”

“Utalijua.”

Ilikuwa saa nane kasorobo.

Akaingia. Alitegemea kelele na matarumbeta, kwa kuwa tamasha analolijua yeye lina matarumbeta. Akakuta watu wazima wameketi chini ya turubai wanasoma, kila mtu na kitabu chake, wala hakuna anayewalazimisha. Bibi mmoja alikuwa anamsomea mjukuu kwa sauti, na vijana watatu wasiomjua wamesogea kusikiliza. Kwenye meza za vitabu wauzaji hawakumvuta mtu shati.

“Shika tu, braza,” mmoja alimwambia. “Kusoma ukurasa wa kwanza ni bure.”

Gaudens alishika kimoja ili aonekane ana kazi. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akajikuta amefungua wa pili. Akakirudisha haraka.

Sauti ya kipaza sauti ilimfikia kutoka hema kubwa. Akasimama nyuma kabisa, penye nguzo. Mbele, juu ya jukwaa, yule mwenye miwani alikuwa anasoma kitabu chake. Bango lilimtaja: Erasmus. Na safu ya tatu, mgongo wima, aliketi Bernadeta.

“Mzee hakuuza kinyago siku aliyokimaliza,” Erasmus alisoma. “Alikivisha gunia lililoloa maji, akakilaza uvunguni mwa kitanda cha binti yake. Binti akalala juu ya nyuso asizoziona, na usiku kucha alihisi zinamsubiri.”

Gaudens alikusudia kumwangalia Bernadeta tu. Lakini hadithi ikamshika mkono. Kulikuwa na mchongaji aliyefiwa na mke, na binti ambaye hakujua kama baba yake anampenda kwa sababu baba huyo aliongea zaidi na magogo kuliko na watu. Kwa dakika kumi Gaudens alisahau kadi shingoni, akasahau katekista, akasahau hata hasira aliyokuja nayo. Alitaka tu kujua kama yule mzee atasema neno moja kwa mwanawe.

Kisha akamwona Bernadeta midomo yake inacheza.

Alikuwa anasema maneno yale yale, bila sauti, na alikuwa anamtangulia Erasmus. Neno lilitoka kwanza mdomoni mwake, ndipo likatoka kwenye spika.

Makofi yakapigwa. Msimamizi, mama mmoja aliyejitambulisha kama Felicitas, alitangaza chai ya dakika kumi na tano kabla ya maswali. Gaudens alimkuta Bernadeta nyuma ya hema, ameegemea ukuta.

“Gauni limekutosha?”

Bernadeta alishtuka, kisha akatulia, kama mtu aliyekuwa anaingoja ngumi na sasa imefika.

“Nani amekuambia niko hapa?”

“Aliyeniambia si ishu. Kariakoo imehamia Mwenge lini?”

“Nilikudanganya. Samahani.”

“Yule bwana ni nani wako?”

“Tulifundisha naye shule moja. Alihama mwaka jana.”

“Mwalimu mwenzio ndiye anakunong’oneza mpaka miwani inakugusa shavu?” Akamwonyesha picha.

Bernadeta aliitazama muda mrefu. “Unataka kujua alichokuwa ananiambia hapo? Alisema, ‘Ukifungua mdomo, nani atakuamini? Wewe ni mwalimu wa darasa la tatu.’”

“Ufungue mdomo kusema nini?”

“Kwamba hadithi ile ni yangu, Gaudens.”

Alisema polepole, bila kulia. Alikuwa ameiandika kwa mkono, miezi minane, usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Mchongaji yule ni marehemu baba yake, aliyetoka Newala na kuchonga hapo hapo Mwenge mpaka macho yalipomkataa. Erasmus alikuwa na kompyuta. Akaomba ampigie chapa. Bernadeta akanakili hadithi yote upya, nakala safi akampa yeye, daftari la asili akabaki nalo. Jana ndipo alipoona bango la tamasha, na jina la hadithi chini ya jina la mtu mwingine.

“Sasa si ungeniambia mie? Mie ni nani wako?”

“Ningekuambia nini?”

“Hayo hayo. Tungekuja wote na hilo daftari lako la asili, tukamwekea mezani. Liko wapi?”

Bernadeta alimtazama kwa namna ambayo Gaudens hakuwahi kutazamwa naye.

“Hukumbuki?”

“Nikumbuke nini?”

“Masika iliyopita. Nilikuja dukani kwako kukwepa mvua, nikaliacha kaunta. Kijani, jalada gumu kidogo.”

Gaudens aliiona kaunta yake. Kila muuza misumari wa Goba hununua madaftari yaliyokwisha, kwa kilo, kutoka mashuleni. Kurasa huchanwa, zikafungiwa misumari ya robo kilo na nusu kilo. Rundo lake lilikaa hapo hapo kaunta. Alikumbuka daftari lile la kijani. Alikumbuka karatasi zake zilikuwa nzuri, hazichaniki kwa misumari ya inchi nne.

“Nilirudi kesho yake,” Bernadeta aliendelea. “Nikakuta jalada tu. Ukacheka. Ukasema, ‘Kumbe ni lako? Basi hadithi yako sasa imepanda kwenye mapaa ya Goba yote.’ Mafundi nao wakacheka.”

“Uliniambia haina shida.”

“Ulishacheka, ningesema nini tena?”

“Ningejua ni kazi ya miezi minane...”

“Hukuuliza. Nilipoanza kutoka na wewe nilikuambiaga naandika. Ukasema ni vizuri, inapunguza mawazo. Hukuuliza tena mpaka leo. Sasa kama siwezi kukuambia nimeibiwa kwa sababu ushahidi ulifungia misumari yako, nitakuambia nini tukiwa ndani ya nyumba miaka ishirini?”

Gaudens aliizima ile picha kwenye simu. Alikuwa amekuja na mashtaka, sasa ameketishwa yeye kizimbani.

“Kuna jambo jingine,” alisema Bernadeta, sauti imeshuka. “Jana jioni nilikwenda kwa katekista. Nilimwomba kesho asitusome.”

“Umetuvunja?”

“Nimesimamisha. Kuvunja sijajua bado. Alinipa mpaka saa kumi leo nimpe jibu.”

Kengele ya maswali ikalia ndani ya hema. Bernadeta alijifuta uso kwa khanga aliyoitoa kwenye mkoba, akaingia bila kumngoja.

Watu walipanga mstari mbele ya kipaza sauti. Gaudens naye akajipanga. Hakuwahi kuongea mbele ya watu wengi hata msibani. Aliyemtangulia aliuliza swali refu ambalo halikuwa swali. Zamu yake ikafika.

“Jina lako na unakotoka,” alisema mama Felicitas.

“Gaudens. Goba. Mie ni mgeni wa mambo haya, mnisamehe.” Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. “Mwandishi, nimeipenda hadithi. Naomba kuuliza, yule mzee kwa nini alikuwa anavivisha vinyago gunia bichi?”

Erasmus alitabasamu. Lilikuwa swali la raha. “Ahsante, ndugu. Gunia pale ni sanda. Mzee anazika nyuso za mababu chini ya kizazi kipya. Ni mazishi yasiyo na kaburi.”

Wengine walitikisa vichwa. Mmoja aliandika.

“Sawa,” Gaudens alisema. “Mie sijui jibu. Ila kuna mtu humu nadhani analijua, naomba aruhusiwe. Bernadeta, tafadhali.”

Hema zima likageuka. Bernadeta alibaki ameketi. Gaudens akadhani amemuumiza mara ya pili. Kisha Bernadeta akasimama pale pale alipo, hakwenda kwenye kipaza sauti.

“Ni mpingo,” alisema. “Ukikauka haraka unapasuka. Ukiuchonga leo, ukaacha upepo uupate, kesho una ufa usoni. Ndiyo maana unaufunga gunia la maji, unauweka penye giza, unakauka polepole. Chumba kilikuwa kimoja, na penye giza palikuwa chini ya kitanda changu. Kila asubuhi mie ndiye niliyekuwa naloanisha magunia.”

Nyuma, karibu na mlango, wachongaji wawili waliokuja kutoka vibanda vya jirani walikuwa wamesimama. Mkubwa wao akasema, “Kweli tupu. Sanda ya nani tena, bwana?”

Watu wakacheka, Erasmus naye akajaribu kucheka. “Kila msomaji ana tafsiri yake.”

“Hiyo si tafsiri, umeambiwa sababu,” alisema mama Felicitas taratibu. “Hadithi hii uliipata wapi, Erasmus?”

“Nilifanya utafiti. Nilizungumza na watu.”

“Na binti huyu ulizungumza naye?”

“Alinipa wazo.”

Gaudens alikuwa bado amekishika kipaza sauti. “Hakukupa wazo. Alikupa hadithi nzima, ameiandika kwa mkono wake. Na sasa hana nakala, kwa sababu nakala yake niliiharibu mie. Nilifungia misumari dukani kwangu, halafu nikamcheka. Nasema mbele yenu ili asije mtu akamwuliza ushahidi uko wapi kama vile yeye ndiye mzembe. Mzembe ni mie.”

Hakuna aliyepiga makofi. Erasmus alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Tulishirikiana,” alisema mwishowe.

“Basi jina lake liko ukurasa gani?” mama Felicitas aliuliza.

Erasmus alikifungua kitabu, akakifunga. Mchapishaji wake, aliyekuwa safu ya mbele, aliinuka kimya akaenda kwenye meza ya mauzo, akaanza kurudisha vitabu kwenye boksi. Alipopita kwa Bernadeta alimwambia Jumatatu afike ofisini, aje na yeyote aliyemwona akiandika.

Saa tisa na dakika hamsini walikuwa nje, wameketi kwenye ngazi, katikati yao pengo la mtu mmoja.

“Sikufanya vile ili unirudie,” Gaudens alisema.

“Najua. Ungefanya kwa ajili hiyo, ungeongea vizuri zaidi. Ulikuwa unatetemeka kama fundi aliyepima vibaya.”

“Yule mzee. Mwishoni alimwambia binti yake neno lolote?”

Bernadeta aligeuka kumtazama. “Erasmus amemfanya afe kimya. Mie sikuandika hivyo. Mwisho wangu ameukata.”

“Aliongea?”

“Unataka kujua?”

“Nimesimama pale nyuma muda wote nikitaka kujua.”

Simu ikaita. Gaudens akaiangalia, akaiweka kwenye lile pengo. “Ni mzee Ferdinand. Jibu ni lako.”

Iliita mara tano. Bernadeta akaipokea.

“Shikamoo, baba... Ni mie, Bernadeta... Ndiyo, niko naye hapa, hajambo. Baba, mwambie katekista kesho asitusome.”

Gaudens aliinamisha kichwa.

“Atusome Jumapili ijayo,” Bernadeta aliendelea. “Hapana baba, hakuna pingamizi. Kuna kazi tumeiacha kiporo, nataka tuimalize kwanza.”

Akakata simu, akasogea akaziba lile pengo.

“Kesho ukitoka misa uje nyumbani,” alisema. “Ule mwisho umebaki kichwani mwangu tu. Mie nitasema, wewe utaandika. Na usiniulize kama ni mrefu.”

“Nije na kalamu ngapi?”

“Njoo na mbili,” alisema Bernadeta. “Mzee anapoanza kuongea, hanyamazi.”