Waya Uliokatikia Ndani

Usiseme hukuona. Ulikuwa kwenye basi la Mwanza, umekaa dirishani. Pale Kiabakari uliona pikapu ya bluu imefunguliwa boneti. Uliona mama kando ya barabara, amebeba mtoto aliyelegea. Mama alikutazama. Wewe ukaanza kutafuta kitu kwenye simu yako.

Basi sikiliza. Yule mama anaitwa Matrida. Mtoto ni Gloria, binti yake wa miaka sita. Na kilicholizima lile gari huenda kiko kwenye gari lako pia.

Matrida na mumewe, Keraryo, wanakaa Makoko, Musoma, karibu na ziwa. Pikapu yao hubeba dagaa kutoka mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, kwenda Bunda. Siku ya mnada hufika hadi Nyamuswa, kwao Keraryo.

Kila jioni Mniko, mdogo wake Keraryo, alikuja na spana. Alifungua betri ya pikapu, akaibeba begani hadi kwenye mtumbwi wake. Kule ziwani betri iliwasha taa za kuvutia dagaa. Asubuhi betri ilirudi inanuka samaki, ikafungwa tena. Pamoja nayo ilikuja sahani ya dagaa wabichi. Hakuna aliyeona kosa. Mwaloni wengi hufanya hivyo. Wanasema betri ya gari haina kazi usiku.

Ili betri itoke, waya mweusi ulikunjwa nyuma. Asubuhi ukakunjuliwa. Jioni ukakunjwa tena. Nani aliutazama?

Matrida aliona dalili. Siku moja kule Bunda, kabla ya kuwasha injini, taa za dashibodi zilizima zikarudi. Siku nyingine, injini ikiwa imezimwa, redio ilikatika, na iliporudi saa yake ilikuwa imeanza upya.

"Baba Gloria, hii gari inakonyeza."

"Inakukonyeza wewe, mama Gloria. Ikubali tu."

"Mimi sitanii. Ipeleke kwa fundi."

Keraryo alishuka, akaokota jiwe, akagonga kichwa cha betri. Taa zikatulia.

"Fundi wangu huyu hapa," alisema, akionyesha jiwe. "Hana maneno mengi."

Wakacheka wote wawili. Matrida naye alicheka.

Likizo ilipofika, Gloria alienda kwa bibi yake Nyamuswa. Siku ya mnada wazazi wake walimkuta na homa, macho meupe, hataki hata maji. Walimkimbiza kituo cha afya. Mganga alimpima, akamwanzishia sindano. Kisha akasema malaria ni kali na damu imepungua sana. Mtoto apelekwe Musoma, hospitali kubwa, akaongezewe damu, maana Bunda damu imekwisha. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mama mjamzito.

"Tuna gari," Keraryo alisema.

Dagaa walishushwa palepale chini, hata turubai halikutandikwa. Walipita Bunda bila kusimama. Walipofika Kiabakari, Gloria alitapika. Matrida aliomba maji ya kumsafisha. Keraryo alisimama dukani, akazima gari. Hilo likumbuke. Alizima gari.

Aliporudi na maji, alizungusha ufunguo. Kimya. Hakuna taa hata moja. Stata haikusema hata *tik*. Alibonyeza honi. Kimya.

"Imekata moto," alisema.

Matrida alichukia kusikia neno hilo. Huku Mara gari likizimika hukata moto, na mtu akifa naye hukata moto. Aliweka mkono kifuani mwa Gloria, aone kama kinapanda.

Watu walijaa haraka. Watu wa ushauri hawakosekanagi. Mbele yao alikuwa Benson, dereva wa bodaboda wa pale.

"Betri imekufa hiyo," alisema. "Mimi nilikuwaga na gari kama hii. Sukumeni."

Wakasukuma. Gari likaenda, likasimama. Wakasukuma tena, wakihema. Gari halikukohoa.

"Niitieni bajaji," Matrida alisema. "Nimuwahishe mtoto."

"Shemeji, tulia," Benson alimjibu. "Inawaka sasa hivi."

Matrida akatulia. Ni wanawake wangapi wameambiwa watulie katika nchi hii, wakatulia, kisha msiba ukawa wao?

Mabasi yalipita. Alipunga mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Yaliyosimama yalimwona mgonjwa, yakaondoka. Benson aliazima betri nyingine dukani, wakaifunga. Kimya kilekile.

"Na hii nayo imekufa," alisema Benson.

Betri mbili zife sehemu moja? Badala ya kujiuliza hivyo, mzee mmoja alisema kuna mtu amewafuata kwa uchawi kutoka kwenye mnada. Watu wakatikisa vichwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Hapo Matrida aliona pikipiki inakuja, sanduku la spana limefungwa nyuma. Aliingia katikati ya barabara na mtoto wake.

Aliyekuwa juu ya pikipiki alikuwa Adventina, fundi wa umeme wa magari pale Kiabakari. Mdomo wake unajulikana mji mzima.

"Unataka kufa na mtoto?" alifoka. Kisha akamwona Gloria vizuri. "Mko hapa tangu lini?"

"Tangu jua liko kule," Matrida alisema, akionyesha juu kabisa.

Adventina aliwageukia wanaume. "Na ninyi wote mnasukuma chuma. Mgonjwa mnampandisha gari lingine kwanza. Gari haitaki damu."

"Dada, betri imekufa," Benson alisema.

"Umeipima?"

"Inajulikana."

"Haijulikani. Inapimwa."

Alimtuma Benson akatafute bajaji, safari hii akisukumwa yeye. Kisha akatoa taa ndogo yenye waya mbili.

"Tazama, shemeji," alimwambia Keraryo. "Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi. Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi betri nzima. Betri iliyochoka inakwambia mapema. Taa zinafifia, stata inajikongoja. Hii imekata yote kwa mara moja. Ikikata yote, anza hapa karibu na betri, utafute njia iliyokatika. Sasa waya mmoja nauacha kwenye chanya. Mwingine nagusa bodi, mahali penye chuma kitupu pasipo na rangi. Inawaka?"

"Haiwaki."

"Huo ndio ugonjwa. Umeme unatoka chanya, unafanya kazi, unarudi hasi kupitia bodi na huu waya mweusi. Usipopata njia ya kurudi, hautoki."

Aliushika waya mweusi karibu na betri, akaukunja kwa vidole. Nje ulikuwa mzima. Lakini mahali pamoja ulilegea kama utumbo. Aliuchana kwa kisu. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, zimeota kutu ya kijani.

"Nani anakunja huu waya?"

Keraryo aliangalia chini. "Betri inaendaga ziwani. Kila siku."

"Basi mmeukata wenyewe, uzi mmoja mmoja."

"Mbona tumetoka Nyamuswa inatembea?"

"Injini ikishawaka, alteneta inatengeneza umeme, inalisha gari. Ilikuwa inaficha ugonjwa. Msingeizima, mngefika. Na kusukuma ni bure. Hii dizeli ina koki ya umeme inayofungulia mafuta. Bila umeme, mafuta hayapiti."

Matrida alisikia neno moja tu. Mngefika.

Adventina alichukua waya mnene wa kuazima moto kutoka gari lingine, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini. "Washa." Gari likawaka. Kazi yote haikufika muda wa kikombe cha chai kupoa, na Benson alikuwa hajarudi na bajaji.

"Huu ni wa kukufikisha tu," alisema. "Ukirudi, waya mpya. Usiniletee huu umeufunga kwa mpira."

Gloria aliongezewa damu, akapona. Najua ungependa hadithi iishie hapa. Haiishii.

Waliporudi Makoko, Matrida, akiwa jikoni, alimwita Gloria. Gloria alikuwa mlangoni, amempa mgongo. Hakugeuka. Matrida aliita tena, kwa nguvu, mpaka jirani akaitika. Gloria aliendelea kuchora chini kwa kijiti.

Malaria ilikuwa imechukua masikio yake. Matrida alimuuliza daktari kama ni kwa sababu walichelewa. Daktari alisema malaria kali huharibu haraka, na kila saa ina uzito. Hakusema ni zile saa. Hakusema siyo.

Keraryo alifunga waya mpya. Jioni Mniko alikuja na spana yake kama kawaida. Alimkuta Matrida amesimama mbele ya boneti.

"Shemeji, dagaa zako nazipenda," Matrida alisema. "Betri haitoki."

"Hata leo tu?"

"Hata leo tu."

Mniko alikaa siku kadhaa bila kuwasalimia. Mwishowe alipata betri ya taa zake, ya sola, inayochajiwa mchana. Siku hizi Keraryo hufungua boneti kila Jumapili kabla ya kanisa. Anavuta kila waya. Anaosha unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto. Anakaza kwa spana. Masika iliyopita pikapu ilimfikisha jirani mwenye uchungu wodini, akajifungua salama. Gloria anajifunza kusoma midomo ya mama yake.

Na mwaloni betri bado zinatoka kila jioni. Madereva bado wanagonga kwa mawe. Lakini wewe sasa unajua, na huwezi tena kujifanya hujui.

Weka hiki kitabu chini. Zima gari, fungua boneti, shika waya mweusi, ukunje polepole karibu na betri. Waya ukilegea mahali pamoja, gari hilo lisibebe mtu mpaka waya ubadilishwe. Huna gari? Jirani yako analo, na ndilo litakalokubeba ukiugua. Nenda kwake. Mwambie afungue. Akikwambia kesho, simama hapohapo mpaka afungue.