Karibu ya Pili

Nyumbani kwa Mzee Mughwai, karibu na Ikungi, mgeni alikaribishwa chakula mara mbili. Karibu ya kwanza ilikuwa ya heshima tu. Mgeni mwenye adabu aliikataa. Alisema ameshiba, hata kama tumbo lake lilikuwa linanguruma na watu wote wanalisikia. Mama mwenye nyumba alitulia kidogo, akakoroga mboga yake ya mlenda, kisha akasema tena, "Karibu, unawe mikono." Hapo mgeni alisogea, akanawa, akala ugali wa uwele mpaka akatosheka. Aliyekubali mara ya kwanza alisemwa kijiji kizima.

Felista, binti wa Mzee Mughwai, alikulia katika adabu hiyo. Alijua pia kwamba kijana haingii anapokaa mkubwa mpaka aitwe. Alikuwa msichana mtulivu, na shuleni alikuwa na kichwa chepesi. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu mjini Singida, kijiji kilifurahi. Siku hizo watu walikuwa wamehamia pamoja katika kijiji cha ujamaa. Walikuwa wamejenga shule kwa mikono yao wenyewe. Lakini darasa moja lilikuwa limefungwa, kwa sababu hapakuwa na mwalimu wa kufundisha humo.

"Nenda ukasome," baba yake alimwambia asubuhi ya safari. "Huendi kucheza. Soma, urudi ufungue lile darasa."

"Ndiyo, baba," Felista alijibu.

Chuoni kengele ililia mapema. Wanafunzi walifagia, wakachota maji, wakalima shamba la chuo, wakanywa uji wa mtama, kisha wakaingia darasani. Kazi hizo hazikumsumbua Felista hata kidogo. Nyumbani alizifanya zote, tena na kukamua ng'ombe.

Katika siku za mwanzo wanafunzi wapya walikusanywa ukumbini. Mwalimu Febronia, mwanamke mrefu mwenye miwani na sauti kavu, alisimama mbele yao. Alisema yeye ni mlezi wa wasichana wa mwaka wa kwanza. Kazi ya mlezi, alieleza, ni kumsaidia mwanafunzi kupanga masomo yake, na kusikiliza jambo lolote linalomtatiza.

"Mkiwa na shida, karibuni ofisini kwangu," alisema. Kisha akaketi.

Felista alisikia vizuri sana. Hiyo ilikuwa karibu ya kwanza. Akaanza kusubiri ya pili.

Baada ya hapo viongozi wa wanafunzi walitangaza vikundi vya chuo. Kulikuwa na kwaya, ngoma, mdahalo na ufugaji wa kuku. Kulikuwa pia na kikundi kilichokwenda kijiji cha jirani cha Unyambwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wasichana wengine walikwenda kujiunga huku wakicheka. Felista alikumbuka maneno ya baba yake. Alirudi bwenini, akafungua kitabu.

Alisoma kweli kweli. Majaribio ya kuandika aliyafanya vizuri. Balaa lilianza kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame mbele ya watoto wa shule ya jirani na kufundisha somo, huku mkufunzi ameketi nyuma akitazama.

Felista alitayarisha somo la jinsi mbegu inavyoota. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Lakini aliposimama mbele ya watoto sauti ilikwama. Akaugeukia ubao na kuanza kuzungumza nao, kana kwamba ubao ndio uliokuja kusoma. "Mwalimu, hatusikii," watoto wa nyuma walisema. Chaki ikamponyoka. Aliinama kuiokota, akakaa chini huko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkufunzi hakumficha. Alimwambia kwamba ameshindwa, na kwamba atajaribiwa tena mwisho wa muhula. Akishindwa mara ya pili, hataendelea na chuo. Felista aliliona lile darasa la kijijini lililofungwa, akaona uchungu mwingi.

Kuanzia hapo alipita mbele ya ofisi ya mlezi kila siku. Mlango ulikuwa wazi. Alipunguza mwendo na kuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Mwalimu Febronia alijibu, "Marahaba, Felista," akainua macho. Msichana alisubiri kuitwa. Mwalimu alisubiri msichana aseme. Basi mmoja alikwenda zake, na mwingine alirudi kusahihisha madaftari. Mtu angetamani kuwasukuma wote wawili waingie chumba kimoja.

Alasiri moja Leah alimkuta Felista bwenini akikunja nguo na kuzipanga sandukuni. Leah alikuwa mwaka wa pili. Alitoka Itigi, ambako baba yake alifanya kazi ya reli, na hakuwa na haya ya kuuliza.

"Unakwenda wapi?"

"Bado siendi, dada. Najiandaa tu, nisije nikafukuzwa nguo hazijakunjwa."

Leah aliketi kitandani. Aliuliza kama mlezi anajua habari hizo. Felista akajibu kwamba mlezi hajamwita.

"Si alisema karibuni, siku ile ukumbini?"

"Alisema mara moja tu."

Leah alicheka. Kisha aliona machozi ya mwenzake, akaacha.

"Sikiliza," alisema. "Kwetu Itigi treni ikifika haimbembelezi mtu. Inasimama, inapiga honi, inaondoka. Chuo nacho ni hivyo. Mlezi ana wasichana wengi. Hawezi kuona kilicho moyoni mwako mpaka umwambie. Na kazi yake ni hiyo hiyo, kuambiwa."

"Kwetu ni kukosa adabu kumwendea mkubwa hivyo."

"Basi nenda kwa adabu. Piga hodi, amkia, ngoja upewe kiti. Kisha sema. Adabu haijamfunga mtu mdomo."

Felista alizirudisha nguo chache mahali pake, nyingine akaziacha sandukuni. Akaenda. Alipiga hodi kwa sauti ndogo, akakaribishwa, akapewa kiti.

"Nimekuona ukipita hapa kila siku," Mwalimu Febronia alisema. "Nilidhani unaipenda njia hii."

Felista alieleza yote. Alieleza ubao, chaki, na darasa lililofungwa nyumbani. Mwishowe, akitazama chini, alieleza pia habari ya kukaribishwa mara mbili. Mwalimu alivua miwani. Yeye alikuwa mtu wa kutoka mbali, na desturi hiyo hakuijua.

"Kumbe muda wote huu nimekunyima chakula," alisema. "Nisamehe. Sasa tule."

Aliuliza jinsi Felista anavyotumia juma lake. Kisha aliuliza ni wapi katika juma hilo anaposema mbele ya watu. Felista alifikiri. Hapakuwa na mahali hata pamoja.

"Ndiyo shida yako," mwalimu alisema. "Kusoma unaweza. Lakini kusema hakupatikani kitabuni. Lazima useme, watu wakusikie, ukosee, useme tena. Vikundi vipo kwa ajili hiyo."

"Baba alinikataza kucheza, mwalimu."

"Baba yako alisema kweli. Wapo wanaojiunga na kila kikundi, hata kitabu hawakifungui, na hao pia hurudishwa nyumbani. Wewe chagua kimoja, kile kinachokupa unachokosa. Nenda Unyambwa ukafundishe watu wazima. Ukirudi utaniambia kama ni mchezo. Na kila Ijumaa uje hapa unieleze unavyoendelea. Sitakuita. Utapiga hodi mwenyewe."

Darasa la Unyambwa lilikuwa katika ghala la kijiji, kati ya magunia ya mtama. Wanafunzi wote walimzidi Felista umri. Siku ya kwanza alimwamkia kila mmoja peke yake, na kipindi kikakaribia kwisha. Kisha alianza kufundisha kwa sauti yake ndogo ya bwenini. Bibi Yunisi, mzee mwembamba aliyekaa nyuma kabisa, aliinua mkono.

"Mwalimu, mjukuu wangu," alisema kwa upole, "nimeacha palizi yangu nikaja hapa. Sema nisikie, au niruhusu nirudi shambani."

Felista aliona aibu. Lakini aliona pia kwamba bibi huyu anataka kweli kujua. Akapaza sauti. Ilitetemeka, ila ilifika nyuma. Siku zilizofuata alijifunza kuwatazama watu usoni, kuwauliza, na kungoja jibu bila kulitoa mwenyewe. Alikosea mara nyingi, na kila Ijumaa alimweleza mlezi wake makosa hayo. Wakati mwingine walicheka pamoja.

Siku Bibi Yunisi aliposoma jina lake mwenyewe ubaoni, alijifunika uso kwa kanga na kulia. Felista alirudi chuoni akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata katika kitabu chochote.

Mwisho wa muhula ulifika. Felista alisimama tena mbele ya watoto wale wale, na somo lile lile la mbegu. Aliwatazama watoto wa nyuma, akamkumbuka Bibi Yunisi na palizi yake. Akauliza kwa sauti kubwa nani kati yao amewahi kufukua mbegu shambani ili aone kama imeota. Mikono mingi iliinuka, maana kosa hilo kila mtoto wa Singida amelifanya na kuchapwa. Somo likaenda.

Mkufunzi alimwambia kwamba amefaulu. Alimwambia pia kwamba maandishi yake ya ubaoni yanapanda kilima. Felista alikubali yote mawili. Jioni hiyo alitoa nguo zilizobaki sandukuni.

Likizo alipokwenda nyumbani, alimsimulia baba yake habari za Unyambwa. Mzee Mughwai alisikiliza mpaka mwisho. "Huo si mchezo," alisema. Kisha akaenda kufagia lile darasa, ingawa mwalimu wake, Felista mwenyewe, alikuwa bado ana mwaka mmoja wa kusoma.

Mwaka wa pili ulipoanza na wanafunzi wapya wakaja, Mwalimu Febronia alimwita Felista kabla ya mkutano wa ukumbini.

"Karibu ya kwanza nitaisema mimi," alisema. "Ile nyingine nakuachia wewe."

Siku chache baadaye Felista alimkuta msichana mgeni ameketi mlangoni pa bweni, anaitazama ofisi ya mlezi kwa mbali. Aliitwa Sara, na alitoka upande wa Nduguti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, twende kwa mlezi," Felista alimwambia.

"Asante, dada. Sina shida."

Felista alitulia kidogo, kama mama yake alivyotulia juu ya chungu cha mlenda. Kisha akanyoosha mkono.

"Karibu, mdogo wangu."

Sara akainuka.