Mlango Uliotazama Upepo

Jamani, uwanja wa ndege wa Perth, Australia, alfajiri ya Jumanne ni kama mtu kamwaga gunia la machungwa. Kila mtu shati la rangi ya machungwa, mistari inang'aa, buti, begi mgongoni, wote wanakimbilia ndege za migodini. Humo humo, kwenye foleni ya kahawa, Marama Tipene akakanyagwa na kiatu cha ngozi kilichochongoka. Kiatu cha ngozi, pale!

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini, na kidole kimeshaondoka?" Marama alimpima kuanzia miwani mpaka suruali iliyopigwa pasi. "Kwani harusi iko wapi?"

"Nimemsindikiza mjomba tu. Mimi nachora mabanda ya turubai, yale yanayofungwa juu ya makontena."

"Alaa! Kumbe ndiye wewe! Mimi ndiye ninayeyasimamisha. Nina maneno na wewe."

Maneno yenyewe yalichukua miezi minane. Niko Marinovich, ndilo jina lake, alijua kubembeleza huyo! Marama alikuwa wiki mbili mgodini, moja mjini, na hiyo moja walikuwa hawaachani: leo chipsi na samaki bandarini Fremantle, kesho kwa mama yake Niko, Mkroatia anayelisha watu kabichi iliyofungwa nyama hadi waombe msamaha. Niko akaomba ndoa.

"Jumapili ukirudi," alisema, "njoo kwa mama, unijibu mbele yake."

"Mbele ya kabichi? Haya."

Sasa sikieni. Zamu hiyo hiyo, huko mgodini Pilbara, likaja banda jipya la kutengenezea malori. Marama akaukunjua mchoro, akashika kiuno. Mlango umetazama mashariki, na upepo wa asubuhi huko unatoka mashariki! Akapiga simu.

"Mpenzi, mlango umeuelekeza kwenye upepo."

"Mchoro uko sawa, asali wangu. Nimepiga hesabu."

"Umezipiga umekaa kwenye kiti. Njoo usimame hapa saa tatu asubuhi, hiyo miwani utaifuata baharini."

"Uko sawa, bibie. Niamini."

Wakafuata mchoro. Asubuhi ya tatu upepo ukaingia mlangoni, turubai likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, likapasuka upande mzima. Hakuna aliyeumia, ila makontena kumi na mawili yalitakiwa yageuzwe yote. Bosi wao, Colin, alikuwa anafoka: nani kachora uchafu huu? Marama akajifanya hajui. Angemtaja Niko, kibarua chake kingeota nyasi. Marama akaomba aongezewe wiki aligeuze banda mwenyewe.

Ijumaa akampigia Niko, kwenye simu ya kambini ambayo kila mtu anasikia.

"Jumapili siji."

"Marama! Mama ameshaanza kufunga kabichi!"

"Kuna kazi imeharibika."

"Kazi gani? Sema tu hunitaki. Unapenda maturubai kuliko mimi."

Marama aliitazama simu kama imemtemea mate. "Niko, nikikuita jina ninalotaka kukuita sasa hivi, mama yako ataacha kupika. Kwaheri."

Siku sita zikapita. Huyu hapigi, yule hapigi. Alhamisi, mezani kwa Niko ikaanguka oda ya turubai jipya, na picha ya lile lililopasuka. Chini yake, mwandiko wa Marama: *mlango utazame magharibi.* Palipotakiwa jina la aliyekosea, pameachwa wazi.

Niko alivua miwani. "Lo," akasema peke yake. Kisha akaenda kuomba kiti kwenye ndege ya mgodi.

Jumamosi mchana, upepo umelala, Marama alikuwa juu kwenye kikapu cha kreni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, watu kumi na wawili chini wameshika kamba wakisubiri kuvuta turubai. Mara huyo Niko anakuja, shati la machungwa bado lina mikunjo ya dukani, buti mpya zinalia kwii kwii.

"Nani kamleta huyu?" Marama akauliza.

"Mchoro ule ni wangu!" Niko alipaza sauti, Colin yupo, wote wanasikia. "Marama alinionya nikambishia. Nimekosea mimi."

"Mjinga wewe!" Marama alipiga kelele kutoka juu. "Watakufukuza! Nimehangaika wiki nzima kukuficha!"

"Najua. Sitaki mke wa kunifichia makosa."

"Mke? Nimekubali lini?"

"Ndiyo nauliza!"

"Unaniuliza nikiwa naning'inia kwenye kreni?"

"Jumapili hukuja!"

Watu wakaangua kicheko, kamba zikalegea. Colin akakuna shingo. "Kijana, mimi na wewe tutaongea ofisini. Marama, dada yangu, mjibu huyu mtu tufanye kazi."

"Ndiyo!" Marama alifoka kama anafukuza kuku jikoni. "Ndiyo, ndiyo! Umeridhika? Sasa shika kamba, Niko. Siyo hiyo, ya kushoto! Kushoto kwako! Mungu wangu, na huyu ndiye nitakayezeeka naye."