Aliyeshika Ncha ya Pili

Vigingi vilikuwa vimenyooka mno.

Hapo ndipo mpima ardhi alipopaswa kushtuka. Mdogo wake, ambaye kazini wote walimwita Mlingoti kwa urefu wake, hajawahi kupigilia kigingi kikasimama wima tangu aanze kazi. Vyake huinama kama walevi. Lakini leo, katika msitu wasioujua, kila kigingi kilisimama wima kama askari, na kaka mtu akasema moyoni kwa uchungu: kumbe akitaka anaweza.

Kwa mdomo hakusema kitu. Alikuwa hajazungumza na Mlingoti tangu wamzike mama yao. Mama alikuwa anakata roho akiuliza mwanawe mdogo yuko wapi, na mwanawe mdogo alikuwa mbali huko akipiga picha za maporomoko ya maji. Kaka alimeza hasira ile nzima nzima, kama mtu anayemeza mfupa, na mpaka leo ilikuwa imekwama kooni.

Kazi, hata hivyo, haisubiri watu wapatane. Walikuwa wametumwa kupima njia ya nyaya za umeme katika eneo lile geni, nao walikuwa na lugha yao ya kazi isiyohitaji ulimi. Mlingoti hutangulia na ncha ya futikamba, ule utepe mrefu wa kupimia, mpaka asionekane. Akivuta mara moja, maana yake nimefika, pima. Akivuta mara mbili, njoo. Kaka hufuata akizungusha kishikio, utepe ukijikunja ndani ya gurudumu lake, kri, kri, kri.

Asubuhi, mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amewakuta wakinywa chai meza mbalimbali.

"Nyie ni ndugu," akauliza, "au mashahidi wa kesi moja?"

Mlingoti akacheka. "Ndugu, mama. Kaka ameninunia tu."

"Basi mkiingia msitu ule, mnuno mwuache hapa mlangoni. Mle mna jini. Wagomvi haliwawezi, wanatukanana mpaka wanatokea upande wa pili salama. Linawapenda walionuniana. Ukimnunia mwenzako unaacha nafasi katikati yenu, na jini likiona nafasi linahamia."

Mpima ardhi alisukuma kikombe akaondoka. Mtu mzima na ndevu zake, afundishwe kuongea!

Sasa jua lilikuwa utosini. Futikamba ikavutwa mara moja. Akapima. Ikavutwa mara mbili. Akafuata, akakikuta kigingi, kimenyooka, na mwenye kukipigilia ameshatangulia tena. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hakujua walinyamaza saa ngapi.

"Kaka!"

Sauti ilitoka nyuma.

Akageuka. Mlingoti alikuwa anakuja mbio kwenye njia waliyotokea, kamera kifuani, suruali imelowa mpaka magotini.

"Kaka, samahani, niliweka ncha chini kidogo tu, kabla ya kigingi cha kwanza, kuna chemchemi pale nyuma nikasema niione…" Akasimama. Akautazama utepe uliokaza, ukiingia kichakani mbele yao. Sauti ikamshuka. "Kaka. Unapima na nani?"

Futikamba ikavutwa mara mbili.

Njoo.

Ikaja harufu, si ya msitu, ila ya dawa ile ya kuchua ambayo mpima ardhi alikuwa akimpaka mama yake mgongoni kila jioni, harufu ya chumba chenye dirisha lililofungwa, na nyuma ya harufu kikaja kikohozi cha mama, kile kile, kikavu, cha mtu anayejizuia asiwasumbue wenzake, na kabla hajavuta pumzi utepe ukamvuta yeye, maana mkanda wa kubebea futikamba alikuwa ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono, akaburutwa akiwa amepiga magoti, majani yakimchapa uso, huku Mlingoti amemkumbatia kiuno na visigino vyake virefu vikichimba mifereji miwili ardhini.

"Achia!"

Kaka alitikisa kichwa. Mkanda ulikuwa umeuma nyama.

"Basi ongea!" Mlingoti alilia. "Yule mama alisema tuongee! Nitukane, kaka, sema chochote!"

Kikohozi kikasikika tena, karibu zaidi, na hapo ule mfupa ukachomoka kooni.

"Alikuita!" mpima ardhi alinguruma. "Mbwa wewe! Alikuita mpaka ulimi ukamkauka! Nikawa namdanganya uko njiani, uko njiani, na wewe unapiga picha za maji!"

Utepe ukalegea.

"Ningejuaje?" Mlingoti naye akapaza sauti. "Nani aliniambia anaumwa? Simu yangu ilikuwa wazi muda wote! Kwa nini hukunipigia?"

"Nilitaka uje bila kuitwa!"

Mkanda ukafunguka wenyewe. Mpima ardhi aliuchomoa mkono, akaitupa futikamba kichakani, wakakimbia bila kugeuka mpaka kwenye gari.

Walikuwa wamefika barabara ya lami alipogundua kwamba anacheka, anacheka kama mwehu, kifua chepesi. "Tumetoka, mdogo wangu! Umeona? Yule mama alisema kweli!"

Mlingoti hakucheka. Alikuwa amegeukia dirishani.

"Mlingoti."

"Hukunipigia," Mlingoti alisema mwishowe, polepole, kwa kioo na si kwa kaka yake. "Mama anakufa, na wewe unanipima." Kisha akafunga mdomo, na taya lake likakaza kama mlango uliotiwa komeo.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Hapakuwa na gari jingine. Harufu ya dawa ya kuchua ikaanza kujaa taratibu, na nyuma yao, kwenye buti ambamo hawakuwa wamerudisha kitu chochote, kishikio kikaanza kuzunguka.

Kri. Kri. Kri.

"Ongea," mpima ardhi alinong'ona, mikono imeganda kwenye usukani. "Nakuomba. Nitukane. Nitukane mpaka nyumbani."

Mlingoti aliendelea kutazama nje.

Mkono wa kaka, ule wenye alama ya mkanda, ukavutwa mara mbili.