Siku Waliyomwimbia Wamalwa

Nerima, fundi wa nguo, alikuwa anarudi kibandani kwake na jora la kitambaa begani, na njia nyembamba mbele ya duka la muziki pale Nakuru ilikuwa imezibwa na mzee mmoja mrefu. Jaketi ya ngozi, viwiko vimechubuka. Kiganja chake kilitulia juu ya spika iliyokuwa ikinguruma roki ya zamani, kama mtu anayetuliza ng'ombe. Nerima akamwomba apishe. Akamwomba tena. Mzee hakusogea. Basi akamdunga mgongoni na ncha ya jora.

“Ungesema tu, mama, ningesogea,” mzee akageuka akicheka.

“Nimesema mpaka koo limekauka. Ama wewe huwapisha wasichana peke yao?”

Mwenye duka akamnong'oneza kwamba huyo ndiye Wamalwa mwenyewe, gitaa analosikia ni lake. Nerima almanusura aangushe jora. Huo wimbo, “Moshi wa Treni”, aliucheza akiwa msichana huko Subukia, redio ya baba yake ikiwekwa dirishani ili majirani nao wapate.

Wamalwa akambebea jora hadi kibandani. Kesho yake akaleta suruali irekebishwe, suruali isiyo na shida yoyote. Akawa mtu wa kuja kila mara. Nerima alikuwa mjane, watoto wameshaenda zao. Wamalwa naye, wanawake wa siku zake za sifa walichoka kumngoja. Alikuwa akiketi kwa stuli, akimkazia macho midomoni kila akiongea, mpaka Nerima anaona haya. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza hivyo.

Simu tu ndiyo ilimsumbua. Akipiga, inalia mpaka inakatika, halafu meseji inaingia: “Niko mazoezini, malaika wangu. Umekula?” Akamtania akimwuliza ni bibi gani anayemfichia simu. Wamalwa alicheka, akaleta maneno mengine.

Sasa, kulikuwa na Kosgei, mkulima wa viazi kule Molo, mtu mpole aliyefiwa na mke. Yeye alikuwa amemposa Nerima, akangoja bila kelele. Na vijana wa bendi za Nakuru walikuwa wanaandaa sherehe ya kumheshimu Wamalwa, kwa maana wengi wao walijifunza gitaa kwa kurudia rekodi zake mpaka majirani wakalalamika. Nerima ndiye aliyeshona shati la siku hiyo. Alasiri moja, akilishona, Wamalwa akiwa kwa stuli yake, akaamua kusema lililo moyoni. Lakini kumtazama alishindwa. Akainamia cherehani, akimpa mgongo.

“Kosgei anataka jibu Jumapili. Wewe ndio moyo wangu unataka. Ukiniambia nikae, nitakaa.”

Akangoja. Wamalwa aligongagonga goti kwa vidole, kisha akainuka, akamgusa bega, akamwambia shati litapendeza sana. Akaenda zake.

Nerima alililia hilo shati. Jumapili akamkubali Kosgei. Wazee kutoka Molo wakaja kwa kaka yake Nerima, chai ikanywewa, ng'ombe wakatajwa, maombi yakafanywa. Wamalwa akaandika meseji juu ya meseji. “Nimekukosea wapi?” moja iliuliza. Hakujibu. Hata shati alilituma kwa mkono wa Kimberly, msichana kiongozi wa bendi.

Kwa sherehe alijiambia ataangalia mara moja tu. Ukumbi ulikuwa umejaa, jua la alasiri likiingia madirishani: vijana wa jinzi zilizoraruka, wazee wa suruali pana zilizotolewa sandukuni. Kimberly akamkanyaga Wamalwa kiatu, kama ishara, na “Moshi wa Treni” ikaanza.

Katikati ya wimbo stima zikapotea. Bendi ikaacha kupiga. Wamalwa, macho amefumba, akaendelea. Vidole vinakimbia na hakuna kinachotoka ila mkwaruzo. Watu wakadhani ni mbwembwe zake, wakaushika wimbo wenyewe, wakakanyaga sakafu mpaka mbao zikatetemeka, ukumbi mzima ukimrudishia maneno yake. Alitabasamu, mguu ukifuata mtetemo. Walimaliza, wakapiga makofi, na yeye bado yuko ubeti wa katikati.

Kimberly akamgusa bega. Wamalwa akafumbua macho, akaona taa za spika zimezimika, akaona watu. Uso ukawa wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Nerima akaketi. Kumbe Wamalwa, akimkazia macho midomoni, alikuwa anasoma maneno.

Alimkuta nyuma ya jukwaa, akasimama mbele yake kabisa.

“Tangu lini?”

“Miaka. Spika zilikula masikio polepole. Kimberly peke yake ndiye anajua.” Akavua mkanda wa gitaa. “Niliogopa utaona umepata mzee wa kushikwa mkono.”

Nerima akamwambia habari ya Kosgei. Wamalwa akaitikia kwa kichwa, polepole, akasema amesikia ni mtu mzuri. Kisha akauliza.

“Siku ile ukishona, niliona mabega yako yakitingika. Nikajua unasema kitu, nikaona aibu kukuuliza. Ulisema nini?”

Wazee walishakunywa chai. Huko Molo, Kosgei alikuwa akipaka nyumba rangi kwa ajili yake. Nerima akafungua midomo taratibu, ili ayaone maneno yote.

“Nilisema mvua inakuja.”

Macho ya Wamalwa hayakutoka midomoni mwake.

“Na ilikuja?”

“Ilikuja,” Nerima akasema. Akamnyooshea ukosi wa shati, akatoka.