Pijo ya Mzee Teodori

Haya nilisimuliwa na Dominika mwenyewe, mwezi wa sita mwaka jana, tukipukuchua mahindi uani kwangu Mazwi.

Alikuwa ametoka Pito na Pijo ya baba yake, gari lenye umri unaomzidi yeye. Karibu na soko akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Gari likaenda kusimama kwenye magunia ya ulezi ya watu.

"Dada, gari ndilo halina breki, au ni wewe?" aliuliza fundi mmoja, ovaroli ya buluu, kofia ya sufu hadi masikioni.

Dominika, kitenge chake cha njano kimejaa ulezi, akajikuta anacheka.

Fundi ni Loth. Alikuta mafuta ya breki yanavuja kwenye magurudumu ya nyuma, raba za kuyazuia zimevimba. Akaweka mpya. Wiki mbili, yakavuja tena. Akabadilisha tena. Simu nazo zikaanza.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Gari au mimi?"

"Anza na wewe, mpenzi. Gari litasubiri."

Mara ya tatu Loth alichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya breki, akanusa. Kisha akachomoa funguo akatia mfukoni.

"Hili haliendi popote."

"Kesho nashuka Kirando, ziwani, kufuata dagaa. Ule mteremko unaujua."

"Ndiyo maana."

"Linavuja kwa nini, Loth?"

"Niache kwanza."

"Basi unalivujisha wewe, ili nirudi kila mara. Watu walishaniambia."

Loth akafunga kopo. Dominika akapanda bodaboda, na simu zake hakupokea tena.

Jumamosi akamkuta baba yake, Mzee Teodori, anajaza kichupa mafuta ya alizeti.

"Naipelekea Pijo huko gereji. Kila Jumamosi huwa naiongezea kwenye breki. Hawa mafundi wanaweka kidogo."

"Alizeti, baba?"

"Safi kabisa. Ya shambani kwetu."

Dominika akaketi kizingitini, akapiga simu.

"Ulijua."

"Kopo lilinuka kama jikoni kwenu," alisema Loth. "Nilikuwa najiandaa kuja kuposa. Ningeanzaje kumwaibisha mzee? Bora unione tapeli."

"Na ningekufa mteremkoni?"

"Funguo ninazo, Domi. Nalala nazo."

Dominika akamweleza baba yake mwenyewe, taratibu. Mzee akakifunga kichupa. "Mlete huyo kijana."

Jumapili baada ya misa Loth alikuja na Pijo, mabomba yamesafishwa, raba mpya, mafuta yake halisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulikubali binti yangu akuchukie kuliko mimi kuaibika?"

"Ndiyo, baba."

"Umekosea. Mke akikuuliza, unamjibu."

"Mke gani?" aliuliza Dominika.

"Sijataja mtu," alisema mzee.

Loth akamgeukia Dominika. "Niulize tena."

"Lilikuwa linavuja kwa nini?"

"Alizeti. Inavimbisha raba. Sasa na mimi nikuulize. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Lete funguo."

Dagaa wa sokoni wakakaangwa kwa mafuta ya kile kichupa. Loth akaondoka kwa miguu, mzee akaanza kukoroma. Dominika akaweka funguo chini ya mto, akazigusa mara moja, akalala.