Tambara la Kunywea Mafuta

Sindano elfu tatu za Mshonasuti zilishuka na kupanda kwa pamoja, na kila baada ya dakika nne suti moja ya wachimbaji wa Mwezini ilidondoka kikapuni. Kiwanda kizima cha Morogoro kiliitegemea cherehani hiyo, nayo ilimtegemea mtu mmoja. Kwa kuogopa wezi wa siri zao, walioiunda waliitia kitambuzi-kiganja: tumbo lake lilimfungukia mpakaji wake wa mafuta tu, au mtu wa damu yake. Na kila baada ya saa sita ilitaka kusafishwa na kutiwa mafuta, la sivyo vyuma vingeng'ang'aniana.

Mtu huyo, Sikudhani, aliambiwa ni kazi ya mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa kumi na nne. Saa sita hazitoshi kwenda Masasi kumzika mama na kurudi, kwa hiyo mama alizikwa bila yeye. Lakini leo bintiye, Zamoyoni, alikuwa amekuja kupokea kazi, na Sikudhani alikwisha funga mzigo wake. Furaha ilimfanya ashindwe kula.

Mashine ilizimwa. Zamoyoni akaweka kiganja, tumbo likafunguka. Akafagia vumbi la pamba kwa brashi, kisha akaanza kudondosha mafuta kwenye vitundu.

"Tone moja moja, mwanangu. Humwagi mchuzi kwenye wali hapo."

Zamoyoni akacheka, akainama zaidi. Ndipo Sikudhani alipoona blauzi ya binti yake imelowa kifuani.

"Mtoto ananyonyeshwa na nani?"

"Baba yake anampa maziwa ya kopo. Mwaka si mwingi, mama."

Maneno hayo hayo ndiyo Sikudhani aliyomwambia Zamoyoni siku anaondoka, binti akiwa na miaka saba, ameshika pindo la khanga yake hataki kuachia.

"Tambara liko wapi?" Zamoyoni aliuliza. "Nyumbani, kwenye cherehani yako, ulikuwa hugusi nguo ya mtu kabla tambara halijanywa mafuta yaliyozidi."

Tambara lilikuwa kiunoni mwa Sikudhani, chini ya khanga.

"Hii haihitaji," alisema. "Inajifuta yenyewe."

Mashine ikawashwa. Suti ya kwanza ikatoka na mchirizi wa mafuta kutoka kifuani hadi gotini. Mafuta yakikutana na oksijeni ya mtungi, suti huwaka moto pamoja na aliyeivaa. Mshonasuti ikasimama papo hapo.

"Kiganja kimekataliwa," ilitangaza. "Hakitajaribiwa tena."

Mhandisi Kunambi, aliyekuwa akishuhudia, alitikisa kichwa. "Pole, Mama Zamoyoni. Fungua mzigo."

"Mama, si umesema inajifuta!"

"Nilikosea."

"Miaka kumi na minne, uje ukosee leo?" Zamoyoni alikuwa analia. "Sema tu hukutaka nami nipate!"

Sikudhani alitamani kumweleza yote. Lakini alimjua mwanawe: angeijua siri ya tambara, angebaki kumwomba mhandisi nafasi ya pili.

"Basi la Masasi linaondoka saa nane," alisema. "Wahi. Mtoto ana njaa."

Zamoyoni aliondoka bila kuaga. Roho ilimuuma Sikudhani kama jeraha linalotiwa chumvi. Alingoja mpaka mlango ulipofungwa, akachomoa tambara kiunoni, akalitandika chini ya sindano. Kisha akaweka kiganja chake, na mashine ikamfungulia mara moja.